Mume Akiwa Safarini, Mwenye Kauli Nyumbani ni Nani?

Mtu aendaye kufanya kazi mbali huwaaga wazee, huwapa watoto mkono, kisha hupanda gari. Nyuma yake huacha mke, shamba, ng'ombe na madeni machache. Hayo yote huyaweka mikononi mwa mkewe. Lakini mara nyingi kuna kitu kimoja ambacho huondoka nacho, nacho ni kauli.

Desturi hii ya mume kuwa mjini na mke kuwa shambani ina asili yake katika Kenya. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwanzoni mwa karne ya 20, ikafuatwa na kodi ya kichwa mwaka 1910, wanaume wengi iliwabidi kutafuta mishahara katika reli, katika mashamba ya walowezi na katika mji wa Nairobi. Vyumba vingi walivyopewa wafanyakazi wa mjini vilikuwa vya kulala wanaume watupu, na mshahara ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja. Mwaka 1954 halmashauri iliyochunguza mishahara ya Waafrika, chini ya Bwana F. W. Carpenter, ilishauri kwamba mshahara uongezwe hata umtoshe mtu pamoja na mkewe na watoto wake. Basi wake wengi hawakubaki nyumbani kwa kupenda. Walibaki kwa sababu mjini hapakuwa na nafasi yao.

Kazi ya mke aliyebaki hujulikana na kila mkulima. Hulima kabla ya mvua za masika, hupanda mahindi na maharagwe, hupalilia, huteka maji, hukama ng'ombe, na usiku huamka mtoto akishikwa na homa. Kazi hizo ni nzito, lakini liko jambo lililo zito kuliko hizo zote, nalo ni kungoja ruhusa.

Mtoto amerudishwa kutoka shule kwa sababu ya karo. Zizini yumo mtamba awezaye kuuzwa, na mnunuzi amesimama mlangoni na fedha zake. Lakini mke hathubutu kuuza mnyama wa mumewe. Zamani ilimpasa kutafuta mtu wa kumwandikia barua, labda kijana wa jirani, na kwa njia hiyo shida ya nyumba ilijulikana kijijini kabla mwenye nyumba hajaisikia. Jibu lilipofika, mnunuzi alikuwa amekwisha kwenda zake, na mtoto amepoteza masomo ya siku nyingi. Wako pia waume waliompelekea ndugu yao fedha zote, hata mke akalazimika kumwomba shemeji yake senti za chumvi.

Vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, viliwafundisha akina mama ushonaji, usafi na malezi ya watoto, na mahali pengi kusoma na kuandika pia. Faida ya kusoma ilikuwa kubwa kwa mke wa msafiri, kwa maana aliweza kuifungua barua ya mumewe na kuijibu kwa mkono wake mwenyewe.

Mambo mengine yamebadilika tangu siku zile. Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba mume na mke wana haki sawa katika ndoa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 hairuhusu nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila idhini ya mwenzi. Na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha zitumwazo kutoka Nairobi hufika kijijini mara moja. Hata hivyo, fedha zaweza kufika kwa dakika moja, na ruhusa ya kuzitumia ikachelewa mwezi mzima.

Dawa yake si ngumu, wala haihitaji gharama. Kabla ya kuondoka, yafaa mume aketi na mkewe wahesabu pamoja madeni, karo, mbegu na mifugo. Wapatane ni mnyama gani awezaye kuuzwa pasipo kuulizana, na ni kiasi gani cha fedha mke awezacho kutumia peke yake. Kisha mume ayatamke maneno hayo mbele ya ndugu zake na wazee wawili, ili asiwepo wa kumzuia mkewe baadaye. Mke naye aweke daftari la mapato na matumizi, hata kama ni la kurasa chache.

Na siku ya kurudi, mume asianze kwa kuamuru. Aombe daftari, atembee shambani pamoja na mkewe, na aulize kwanza ni kwa nini jambo fulani lilifanywa hivi. Aliyekuwapo mvua iliponyesha ndiye ajuaye maji yalipita wapi.