Ujumbe wa Mfanyakazi Usipotee Ndani ya Simu

Ndugu wafanyakazi, wavuvi, mafundi wa vinu vya mawese, wachukuzi na makarani wa pwani yote, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac na kwetu Kabonga mpakani! Safari hii ukurasa wetu unazungumza juu ya jambo ambalo wengi watasema ni la wasomi wa Bujumbura: namna ya kuunganisha WhatsApp na programu ambayo mawakili hutunzia kesi zao. Si la wasomi peke yao. Siku hizi mfanyakazi akifukuzwa hapandi gari kwenda kumwona wakili, maana nauli ni kubwa na petroli yenyewe ni ya kutafuta. Huipiga picha barua ya kufukuzwa, akaituma kwa simu. Haki yake yote imo ndani ya picha ile.

Je, picha ile inakwenda wapi?

Mwenzetu mmoja wa kinu cha mawese aliachishwa kazi bila taarifa na bila mshahara wa mwisho. Alituma barua yake kwa ofisi moja ya sheria, nayo ikajibu neno moja tu: "Sawa." Ujumbe ule ulikaa kwenye simu ya karani, chini ya salamu za arusi, habari za matanga na picha za watoto. Baadaye simu ile ikaharibika. Mwenzetu alipouliza shauri lake limefika wapi, hapakuwa na jalada, hapakuwa na tarehe, hapakuwa na kitu. Karatasi yenyewe ilikuwa imekwisha lowa mvua na kuchanika. Madai ya kazi yana muda wake kisheria, na muda haumngojei mtu kwa kuwa simu imeharibika. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kesi ni vivyo hivyo.

Programu za mawakili zipo, na baadhi yao si ngeni tena. Clio, kwa mfano, ilianzishwa Kanada mwaka 2008. Ndani ya programu ya namna hii kila mteja ana ukurasa wake, kila kesi ina jalada lake, na kila siku ya mahakama imeandikwa kwenye kalenda. Lakini programu ni nyumba moja, na WhatsApp ni nyumba nyingine. Katikati yake yupo karani, ambaye hubeba mizigo kutoka huku kwenda kule: anasoma, ananakili jina, anahifadhi picha, anaandika tarehe. Akiugua, mzigo unabaki njiani. Kuunganisha nyumba hizo mbili maana yake ni kuuachia mtambo kazi ya kubeba.

Yafaa tujue mtambo huo unavyokwenda, tusije tukauziwa mbuzi ndani ya gunia. WhatsApp tuliyoizoea ni ya kushika mkononi. Mwezi Januari 2018 ilitoka nyingine ya wafanyabiashara, nayo pia ni ya mkononi. Mwezi Agosti mwaka huohuo ukafunguliwa mlango wa tatu, ambao kompyuta ya ofisi huongea moja kwa moja na kompyuta za WhatsApp. Ujumbe ukifika, kompyuta ya ofisi inagutuliwa papo hapo. Inatazama namba ya simu, inaitafuta katika majalada. Ikiiona, inaitia picha ndani ya jalada na kuandika saa iliyofika. Isipoiona, inafungua ukurasa wa mgeni na kumwandikia karani: huyu asomwe leo. Ofisi isiyo na fundi wake hutumia kampuni za katikati, kama Zapier ya Marekani iliyoanza mwaka 2011, ambazo hufanya utarishi baina ya programu na programu kwa malipo.

Kuna sharti moja. Mteja akiandika, ofisi ina saa 24 za kumjibu kwa maneno yoyote. Saa hizo zikipita, ofisi haiwezi kuanza kumwandikia ila kwa maneno yaliyopangwa na kukubaliwa na WhatsApp mapema. Kwa hiyo maneno ya kumkumbusha mtu siku ya kesi lazima yaandaliwe kabla, na yaandaliwe kwa Kirundi na Kiswahili, siyo Kifaransa tu cha kumtisha mvuvi.

Haya yote ni mazuri mezani. Hapa Kabonga yana miiba yake. Mtambo unamjua mtu kwa namba. Lakini kwetu mtu mmoja ana laini mbili, ya Burundi inayoanza na 257 na ya Tanzania inayoanza na 255, na anatumia ile yenye salio. Mtambo utamfanya kuwa watu wawili wenye majalada mawili, barua ya kazi humu na hati ya mshahara mle. Kinyume chake, simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Mke anadai mshahara wake wa kufua, mume ana shauri la mtumbwi, mtoto anatuma vichekesho. Vyote vinaingia jalada moja. Mbaya zaidi ni pale mfanyakazi anapoazima simu ya msimamizi wake. Jibu la wakili litarudi kwenye mkono uleule anaoushtaki! Hapana budi karani aulize kwanza: simu hii ni ya nani, na nani mwingine anaisoma?

Mwiba mwingine ni saa. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na simu ikishika mtandao wa ng'ambo hugeuza saa yake yenyewe. Kwa wanaokaa ndani ya nchi huo ni mchezo, lakini tazama kanuni za Tanzania za mwaka 2018 za kupeleka hati mahakamani kwa kompyuta: hati huhesabiwa ya siku ile ikiwa imeingia kabla ya saa sita usiku, kwa saa za Afrika Mashariki. Mwenye shauri Kigoma akituma kutoka Kabonga saa tano na nusu usiku, ng'ambo ni saa sita na nusu, siku imekwisha kubadilika. Tena programu nyingi huweka saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa mbili. Na programu zilizotengenezwa kwa Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku: 03/04 kwao ni tarehe 4 Machi, kwetu ni tarehe 3 Aprili. Fundi asipoulizwa juu ya jambo hili, siku ya kesi itapotea na mtambo utasema umefanya kazi yake.

Wenzetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi. Kanuni zao za mashauri ya madai zilizorekebishwa mwaka 2020 zinaruhusu hati ya wito kupelekwa kwa programu ya ujumbe wa simu, kwenye namba ya mwisho inayojulikana kutumiwa na mdaiwa. Kanuni ile ni ya Kenya na haivuki mpaka, lakini inaonyesha ujumbe wa simu unavyoweza kuwa na uzito wa karatasi yenye muhuri. Nao Waganda wa BarefootLaw wanatoa ushauri wa sheria bure tangu mwaka 2012, na walianzia kwenye Facebook.

Ninaloliogopa zaidi ni jibu la mtambo. Mfanyakazi anatuma ujumbe saa nane ya usiku, na papo hapo anajibiwa: "Tumepokea shauri lako." Analala usingizi mtamu, anafikiri kesi imefunguliwa. Wala haijafunguliwa, bali imewekwa kwenye foleni ya karani. Maneno yawe wazi: "Ujumbe umefika. Kesi bado haijafunguliwa. Mtu atakupigia." Mtambo usiruhusiwe kusema zaidi ya hapo.

Juu ya siri, WhatsApp tangu mwaka 2016 inafunga ujumbe ili wa katikati wasiusome. Kufuli hiyo huishia pale ujumbe unapoingia kwenye programu ya ofisi na kwa kampuni za katikati. Kuanzia hapo, ulinzi ni wa wenye ofisi. Kila kiungo kinachoongezwa ni mtu mwingine anayeweza kuchungulia.

Makarani wetu nao wana haki ya kuuliza habari ya kazi zao. Mwajiri atasema mtambo unaandika, karani wa nini? Lakini ujumbe wa sauti wa dakika sita, nusu Kirundi nusu Kiswahili, na injini ya mtumbwi ikinguruma nyuma, bado unataka sikio la mtu. Makubaliano yaandikwe kabla ya mtambo kuwashwa, na karani ambaye hatanakili tena apewe kazi ya kusikiliza na kupiga simu, kwa mshahara usiopungua.

Wakati hayo yakipiganiwa, kila anayetuma ujumbe kwa wakili aandike jina lake kamili, kazi yake, jina la mwajiri, siku aliyofukuzwa kwa maneno (tatu Aprili, siyo tarakimu tupu), na namba ya pili ya kumpata. Picha ya barua ionyeshe pembe zote nne na muhuri. Asiyeweza kuandika amtafute mjumbe wa tawi lake, naye mjumbe anakili ujumbe ule kwenye daftari la chama pamoja na saa ya Burundi.