MAMA MWENYE AMPULI MBILI
Pima umeme wa nyumba yako, na amani irudi katika parseli

Pengine unajua mambo haya kuliko mimi. Mwisho wa mwezi umefika. Katika parseli moja ya Kadutu kuko nyumba tatu na mita moja tu ya umeme. Mwenye parseli anapita kukusanya feza, na kila nyumba inatoa sawasawa. Ndipo mama mjane wa nyumba ya nyuma anasema: « Mimi niko na ampuli mbili na radio. Juu ya nini ninalipa sawa na ule mwenye resho na frigo? »

Jirani anakasirika. « Mama, unasema mimi ni mwizi? » Maneno yanaongezeka, watoto wanasikiliza. Siku ya Mungu watu hawa watakaa katika kanisa moja, lakini hawatasalimiana.

Wewe unafikiri nani ana haki? Usijibu haraka. Kwanza tupime.

MIZANI YA UMEME

Ninyi mnaoishi Kamituga, Mwenga ao Shabunda, mnajua jambo moja vizuri: hakuna mtu anayeuza zahabu kwa kuitazama tu kwa macho. Anataka mizani, tena mizani ya haki. Kitabu cha Mithali kinatuonya juu ya mizani ya uongo. Basi, umeme nao uko na mizani yake. Mizani hiyo ni mita iliyo ukutani, ya zamani yenye kisahani kinachozunguka, ao ya Cash Power yenye taa ndogo inayowaka na kuzimika.

Kuna maneno mawili ya kushika. Wati ni nguvu ambayo chombo kinavuta sasa hivi. Kilowati-saa ni kile unacholipa: wati 1000 kwa muda wa saa 1. Ampuli ndogo inayowaka usiku kucha inaweza kula kidogo kuliko pasi ya nusu saa. Usitazame ukubwa wa chombo. Tazama nguvu yake na muda wake.

NAMNA YA KUPIMA

Kazi hii inafaa sana kwa vijana. Tafuta saa, karatasi na kalamu, kisha ufanye hivi:

1. Omba nyumba zote za parseli zitoe vyombo vyote kwenye prizi na kuzima ampuli zote. Tazama mita. Kama inaendelea kuhesabu, kuko chombo mlichosahau ao waya wenye kasoro. Mwite fundi wa umeme.

2. Soma namba iliyoandikwa juu ya mita, inayoonyesha mara ngapi taa inawaka ao kisahani kinazunguka kwa kilowati-saa 1. Kwa mfano, mita nyingi za taa zimeandikwa 1000.

3. Washa chombo kimoja tu. Kwa dakika 6, hesabu mara ambazo taa inawaka.

4. Zidisha hesabu hiyo kwa 10, kisha uigawanye kwa ile namba ya mita. Jibu ni kilowati.

Tuseme umewasha resho na umehesabu mara 120. Mara 10 ni 1200. Gawanya kwa 1000: unapata kilowati 1.2, ndiyo wati 1200. Kama mita yako ni ya kisahani na imeandikwa 600, resho hiyo itazungusha kisahani mara 72 kwa dakika 6. Jibu ni lile lile.

Kwa kitu kidogo dakika 6 hazitoshi. Shaja ya telefone inayovuta wati 5 itawasha taa ya mita ya 1000 mara 5 tu kwa saa nzima. Uwe na uvumilivu.

Frigo nayo iko na tabia yake. Mota inafanya kazi, inanyamaza, inaanza tena. Ukiipima dakika 6 utadanganyika. Andika namba ya mita asubui, acha frigo peke yake siku nzima, na usome tena kesho yake. Kama hilo haliwezekani, ipime saa chache za usiku wakati wengine wamelala.

JUU YA NINI BAMBA LA NYUMA HALITOSHI?

Mtu atasema: « Mbona imeandikwa nyuma ya resho, wati 1500? » Ndiyo, lakini hiyo ni kwa volti 220. Sisi wa Bukavu tunajua magaribi inakuwa namna gani: watu wote wanawasha pamoja, na ampuli zinakuwa nyekundu kama makala yanayokufa. Umeme ukishuka mpaka volti 160, resho ya wati 1500 inabakia na wati 800 hivi. Sufuria inakawia, na wewe unafikiri resho imeharibika. Mota ya frigo, yenyewe, inapata shida na moto mwingi wakati huo. Afazali kuitoa kwenye prizi mpaka umeme urudi na nguvu.

Tena, mji wetu uko juu, karibu metre 1500. Hapa maji yanachemka kwenye digri 95 hivi, si 100. Ndiyo maana maharagi yanakawia kuiva. Mama, lowesha maharagi usiku kucha na ufunike sufuria vizuri. Resho ya wati 1200 ikiwaka saa 3 inakula kilowati-saa 3.6. Ukipunguza saa 1 tu, umeokoa kilowati-saa 1.2. Kwa mama mwenye ampuli mbili, hiyo ni mwangaza wa siku nyingi.

TURUDI KATIKA PARSELI

Sasa tuhesabu kwa mfano, siku 30 za mwezi.

Nyumba ya mjane: ampuli 2 za LED za wati 9 kwa saa 5, radio ya wati 10 kwa saa 6, na telefone moja. Jumla ni kilowati-saa 0.16 kwa siku, 4.8 kwa mwezi.

Nyumba ya pili: ampuli, televizyo na pasi. Kilowati-saa 0.9 kwa siku, 27 kwa mwezi.

Nyumba ya tatu: resho saa 4 kwa siku, frigo na ampuli. Kilowati-saa 6.2 kwa siku, 186 kwa mwezi.

Zote pamoja ni 217.8. Wakigawanya sawasawa, kila nyumba inalipa 72.6. Yaani mjane analipa mara 15 ya kile alichotumia! Hakuna mtu aliyeiba. Lakini mizani haikuwa ya haki.

Tusimhukumu mwenye resho. Makala yamekuwa gali, na kila gunia limetoka kwenye miti fulani, mara nyingine hata ndani ya Kahuzi-Biega. Kupika kwa umeme wa Ruzizi si zambi. Inafaa tu alipe resho yake. Parseli inaweza kupatana kugawanya kufuatana na hesabu, ao, kama feza inapatikana, kumwomba fundi aweke mita ndogo kwa kila nyumba.

Na tujihazari: usifungue mita, wala usipitishe waya pembeni yake. Huo ni wizi, na tena ni kifo. Usichomeke resho kwenye waya mwembamba wa ampuli. Kadutu kuko nyumba nyingi za mbao zilizobanana. Moto ukianza kwako, hauishii kwako.

MTO NI MMOJA

Kiwanda cha kwanza cha Ruzizi kilianza mwaka 1958, na kina nguvu ya megawati karibu 30. Cha pili kilianza 1989, na umeme wake unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Inchi tatu zimepata namna ya kugawana mto mmoja kwa hesabu. Nyumba tatu za parseli moja zitashindwa?

Wewe wa machimboni ambaye umeme wa mto haujakufikia, kupima kutakusaidia vilevile. Jenereta ndogo ya esanse haifikishi hata kilowati-saa 3 kwa litre moja. Basi, mbele ya kuwasha jenereta ao kununua sahani ya jua, andika wati na saa za kila chombo. Hesabu mbele, feza nyuma.

Kijana, jumamosi hii chukua saa na kalamu. Kisha peleka karatasi yako kwa wazazi na majirani, kwa upole. Pengine mwisho wa mwezi ujao mama wa nyumba ya nyuma atalipa haki yake tu, na siku ya Mungu watu watasalimiana.

MAULIZO YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI
1. Ni chombo gani kinakula umeme zaidi kwetu? Tumepima ao tunawaza tu?
2. Nani katika parseli yetu analipa kuliko anavyotumia?
3. Tutaanza namna gani kuzungumza naye bila kugombana?