Kuongeza lame peke yake hakutoshi

Ndugu msomaji mwenye motokari kati ya Butembo na Beni, ikilala nyuma sababu ya mizigo, unakimbilia kuongeza lame kwenye resori. Angalia: resori inabeba uzito, amortisa inatuliza kuruka-ruka, kwa mafuta yanayopita vitundu vidogo ndani yake. Resori ikiwa ngumu na amortisa imechoka, tairi inaruka kwenye mashimo. Na tairi isiyogusa udongo haigeuki, haishiki freni.

Kandamiza pembe ya motokari, uachilie. Ikicheza-cheza bila kutulia, ama amortisa ikilowa mafuta, badilisha zote mbili, kushoto na kuume, zenye kulingana na resori mpya.

Lakini lame haiongezi nguvu ya freni wala shasi. Usipitishe kipimo cha kiwanda: juu ya mizigo ile wameketi mama na watoto.