Je, Wajua? Kusoma si Kuelewa

Mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima bila kukwama, asielewe kitu, wala asijue kwamba hajaelewa.

• Mwaka 1979, mtafiti Mmarekani Ellen Markman aliwapa wanafunzi habari ya samaki: kilindini hakuna mwanga hata chembe, lakini samaki wa huko hutambua chakula kwa rangi yake. Wengi hawakuona kasoro.

• Kujikagua wakati wa kusoma hufundishika. Mwaka 1984, watafiti Palincsar na Brown walionyesha hatua nne: bashiri, uliza, fafanua, fupisha. Wanafunzi hupokezana nafasi ya mwalimu.

• Jaribu sentensi hii kuhusu mji wa Wote, Makueni: “Watoto wote wa Wote wamefika.” Msomaji wa mdomo hupita mbio. Anayejikagua husita, huona herufi kubwa, hurudi nyuma. Hapo ndipo ameanza kusoma.