Vita vya Kompyuta na Mzigo wa Mpagazi

Zipo nyumba zetu ambamo, baada ya swala ya Isha, kijana hufungua kompyuta na kuingia vitani. Hatusemi ile michezo ya kurushiana risasi ambayo wazazi wengi wanaijua. Hii ni ya utulivu: ramani, vikosi vilivyopangwa juu yake mfano wa kete, na kila mmoja kusubiri zamu yake. Waipendao hujiunga katika klabu za mtandaoni, wakapelekeana zamu kwa barua pepe, mmoja yuko Tabora na mwenziwe yuko Ulaya, na vita kimoja huweza kuchukua miezi.

Mzazi huuliza kwanza kama mchezo huo wafaa. Swali ni la zamani, kwani mafakihi walilijadili katika sataranji, na katika madhehebu ya Imam Shafii rai mashuhuri ni kwamba ni makuruhu, madhali hapana kamari wala kupitwa na swala. Hayo twawaachia masheikh. Sisi twauliza jingine: mchezo huo unamfundisha nini kijana wa Tabora kuhusu Tabora?

Michezo hii ililelewa jeshini. Mwaka 1824 afisa wa Prussia aitwaye von Reisswitz aliwaonyesha wakuu wake mchezo wa vita juu ya ramani, ukawa chombo cha kuwafunzia maafisa. Wajerumani waliokuja kututawala walitoka katika jeshi lenye mazoea hayo, na jicho la afisa aitazamaye nchi kutoka juu limebaki katika kompyuta hadi leo.

Tutazame Septemba 1916. Tabora ililindwa na Jenerali Kurt Wahle, mstaafu aliyekuja kumtembelea mwanawe akanaswa na vita. Aliyemjia ni Charles Tombeur na jeshi la Kongo ya Wabelgiji. Yalipiganwa mapigano makali, yakiwemo ya Itaga, kisha Wajerumani wakauacha mji, na tarehe 19 Wabelgiji wakaingia. (Mwaka huohuo, katika karakana ya reli mjini humo, Wajerumani walikuwa wakigonga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, leo wakusanyaji huzigombea.) Katika ramani, yote hayo ni kete chache kusogezwa. Chakula cha askari ni tarakimu pembeni mwa kioo.

Ndani ya tarakimu hiyo mna watu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 60 hivi, yaani kilo 27, naye ahitaji kiasi cha kilo moja ya nafaka kwa siku. Akibeba chakula kitupu, siku ya 27 amekwisha kuula mzigo wake wote, hakumfikishia askari hata punje. Akitakiwa na kurudi, hawezi kupita siku 13 kwenda. Na safari ya kutoka Bagamoyo hadi Tabora kwa miguu ilikuwa ya miezi mitatu hivi! Ndiyo sababu misafara ilibeba nguo na shanga za kununulia chakula vijijini. Majeshi ya 1914 hadi 1918 mara nyingi yalikichukua tu. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja, na kwa hesabu zao wenyewe waliokufa walizidi 95,000, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao.

Mirambo aliijua hesabu hii bila ramani. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, na Waarabu wa Unyanyembe wakamwendea kwa vita. Walipoiteka Wilyankuru walirudi wamelemewa na pembe na mateka waliokusudiwa utumwani. Mirambo akawavizia majanini, akawavunja. Muda mfupi baadaye akaishambulia Tabora yenyewe. Habari hizo twazipata zaidi kwa Stanley, aliyekuwa upande wa Waarabu, basi na zisomwe kwa tahadhari. Wala tusiwafiche watoto wetu kwamba waliofungwa kamba siku ile walikuwa watu, na waliowafunga walikuwa wenzetu katika dini.

Baadhi ya michezo hii humruhusu mchezaji kutunga vita vyake mwenyewe. Hapo ndipo tungependa kumwona kijana wa Tabora, na mzazi wake kando. Aende Kwihara akalitazame tembe alilokaa Livingstone, awaulize wazee visima na njia za zamani, achore. Asisahau majira: mvua zilipokaribia, Mnyamwezi alitaka kurudi kulima shamba lake, na mchezaji wa Ulaya asiyelijua hilo atajikuta katikati ya pori ana pembe tele na hana wa kuzibeba.