Ukipanda Choma, malapa yaache nyumbani

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, mtu aweza kunywa chai ya asubuhi Magomeni, mchana akaoga kwenye maporomoko ya Choma, mlimani Uluguru, usiku akalala kwake. Ni neema. Lakini kila nikiwa kwenye njia ya Morningside, inayopanda mlima huo, hutazama miguu ya wageni hao, na roho hunidunda. Wengi wamevaa malapa.

Lapa hushikwa na vidole viwili tu. Likilowa, wayo huteleza juu yake, nalo huteleza juu ya jiwe. Masika moja nilivuka kijito chini ya maporomoko, maji hayajafika hata gotini. Lapa la kulia likachukuliwa. Nikainama kulidaka, mguu wa kushoto ukakanyaga ukoga, nikaangukia goti. Nilirudi mjini pekupeku, kwenye kokoto, goti limefungwa kanga ya dada niliyefuatana naye. Lile lapa sijui liliishia Ngerengere au Ruvu, maana maji ya mlima huu huelekea huko.

Wengi wetu tumezoea michezo ya maji kwenye mabwawa ya kuserereka, kama yale ya Kunduchi. Pale unavua viatu kabla ya kupanda, kwa sababu bomba limelainishwa makusudi ili mwili uteleze. Uluguru hakuna aliyelainisha kitu. Kuna mwamba, mizizi na visiki vya miti vilivyozama, na huvioni mpaka vikuchome. Huku kiatu hakivuliwi, hata ndani ya maji.

Kiatu gani basi? Kinachoshika kisigino, chenye soli laini, na kinachotoa maji haraka kama kilivyoyaingiza. Mama wa Kiluguru anayeshuka na tenga la ndizi kichwani mara nyingi utamkuta na yeboyebo za plastiki zenye matundu, mkanda umepita nyuma ya kisigino. Anajua anachofanya. Katambuga nazo zinadumu na hazivuki mguuni, ila mpira wa tairi ni mgumu. Kwenye njia kavu nazisifu, kwenye jiwe lenye ukoga siziamini. Mabuti ya mvua yanafaa tope la shambani, lakini maji yakiingia kwa juu, mguu unakuwa mzito kuuinua, tena katikati ya mkondo.

Mimi sasa navaa raba nyepesi za turubai, za mtumba. Sokoni zikunje kwa mikono miwili: soli ikikataa kupinda, rudisha. Ibonyeze kwa ukucha. Ikiwa ngumu kama ubao, mpira umezeeka na hautashika jiwe. Funga kamba fundo mara mbili. Soksi za pamba ziache, zikilowa zinachubua. Ukirudi, jaza karatasi za gazeti ndani ya raba, uziweke kivulini.

Kati ya Machi na Mei, mvua ikinyesha kileleni, kijito hubadilika ghafla huku wewe umesimama juani. Siku hiyo hakuna kiatu kitakachokusaidia. Na kama umeshafika na malapa miguuni, nakusihi: kaa ukingoni, ule ndizi zako, utazame maji. Usivuke.