Kirumbizi Chataka Chama

Atakaye kuanzisha kikundi cha kirumbizi asianze kwa kununua fimbo. Na amtafute kwanza mpiga zumari. Fimbo hupatikana, na vijana wa kuzicheza hawakosekani, lakini pumzi ya zumari haiuzwi dukani. Mpigaji hodari huvuta hewa puani huku akiipuliza ile aliyoiweka mashavuni, sauti isikatike. Ufundi huo haupatikani kwa siku mbili.

Mtaani kwetu Kibokoni, Mombasa, tulikuwa vijana 12, na mpigaji tuliyemjua ni mzee mmoja tu. Tulipomwendea alituuliza, "Wajukuu wangu, mwataka ngoma au mwataka chama?"

Tukamjibu, "Twataka ngoma, babu."

"Basi haitafika mwakani," akasema.

Mzee alijua alisemalo. Mama zetu wa lelemama walikuwa na vyama vyao hapa Mombasa, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, na mashindano yao yalitikisa mji. Lakini nyuma ya mashindano palikuwa na michango, vyeo, na kusaidiana katika harusi na matanga. Mwana wa chama hakuachwa peke yake siku ya furaha wala ya msiba.

Kirumbizi chenyewe chafunza hayo. Wawili huingia uwanjani na fimbo, mmoja hupiga na mwenziwe hukinga. Akitokea wa tatu kupokea zamu, mmoja hutoka kwa heshima. Asiyekubali kutoka huiharibu ngoma hata akiwa bingwa.

Basi tukafanya chama. Kila mmoja hutoa shilingi 100 kwa juma, na mtunza hazina husoma hesabu mbele ya wote. Adhana ikikaribia ngoma hunyamaza, na mwezi wa Ramadhani twapumzika. Wazee waliotutilia shaka hapo awali waliridhika, maana wao wenyewe wajua kuwa siku za Maulidi ya Lamu kirumbizi na goma huchezwa hadharani.

Mtihani ulikuja pale hoteli moja ya pwani ilipotuita kuwachezea wageni, kwa malipo ambayo hatujapata kuyaona. Usiku ulikuwa ule ule wa harusi ya mwenzetu. Tulibishana hadi saa sita. Wengine walisema, na si uongo, kwamba fedha zile zingetununulia ngoma mpya, vumi na chapuo. Kura zilipopigwa, saba walitaka harusi na watano hoteli.

Tulikwenda harusini. Wale watano nao walikuja, wakacheza mpaka jasho likawatoka. Tangu hapo kanuni yetu ni hii: harusi ya mtaa kwanza, hoteli baadaye.

Mzee sasa awafunza vijana wawili kupuliza zumari. Mmoja bado hukatika pumzi. Mwengine, alhamdulillahi, ameanza kuishika.